Hatimaye nimeikata karatasi ya ndege

Kwa miaka minne nilikuwa na karatasi moja ya mapambo niliyoiogopa. Ni ya bluu iliyokolea, imejaa ndege wadogo weupe, na hapa na pale kuna jani la rangi ya dhahabu. Ilikaa ndani ya bahasha kubwa ya kahawia juu ya kabati, nimeilaza isije ikakunjika. Kila nilipotaka kutengeneza kitu niliishusha, nikaitazama, nikaona kitu chenyewe hakijaifikia hadhi, nikairudisha. Kadi ya pongezi? Mtu ataisoma mara moja na kuitupa. Jalada la daftari? Litachafuka. Wapenda karatasi wenzangu mnanielewa, na wengine mniwie radhi.

Kilichonilazimisha ni kadi za plastiki zilizokuja na daftari langu la mipango, zile za kutenganisha sehemu na sehemu. Plastiki yake ilikuwa nyembamba, na kwa kufunguliwa kila siku ikaanza kuchanika kwenye matundu. Ya kwanza ilining'inia kwenye pete moja tu. Ya tatu ilikuwa imepoteza sikio lake kabisa. (Sikio ni kile kiulimi kinachochomoza pembeni ili ujue ufungue wapi. Sijui wengine mnakiitaje, kwangu ni sikio.) Daftari ni lile la pete sita, kurasa zake zina upana wa milimita 95 na urefu wa 171, kwa hiyo hata kadi mpya za dukani si kila aina inayoingia. Nikasema basi, nitazitengeneza mwenyewe, na karatasi ya ndege itashuka kabatini.

Sikuanza na ndege. Nashukuru Mungu sikuanza na ndege. Nilianza na karatasi ya mistari ambayo sikuwa na uchungu nayo. Nikakata kadi kwenye manila nzito, nikaipaka gundi nyeupe kwa ukarimu, nikabandika mistari upande mmoja, nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta kadi imejikunja kama ganda la mti lililokaa juani. Nikaiweka chini ya vitabu siku nzima. Ilipotoka ilinyooka kwa muda wa kama dakika kumi, kisha ikarudia tabia yake.

Sababu yake ni rahisi ukishaijua. Karatasi ikilowa gundi ya maji hutanuka, na ikikauka husinyaa. Ikisinyaa ikiwa tayari imeshika kwenye kadi, inaivuta kadi ije upande wake. Dawa yake ni kubandika karatasi pande zote mbili ili zivutane sawa, na kupaka gundi kidogo, tena ile ya kijiti, ambayo haina maji mengi. Kwa pembeni naongeza tepu ya pande mbili, kwa sababu gundi ya kijiti ina kawaida ya kuachia kwenye kona.

Jambo la pili nililojifunza ni mlalo wa nyuzi. Karatasi za kiwandani nyuzi zake kwa sehemu kubwa huelekea upande mmoja. Chukua karatasi, ikunje taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Upande mmoja utakubali kwa ulaini, mwingine utagoma. Pale inapokubali, mkunjo wako unafuata nyuzi. Karatasi ikilowa hutanuka zaidi kwa kukatiza nyuzi kuliko kuzifuata. Kwa hiyo nyuzi za manila na za karatasi ya mapambo ziende njia moja, juu kwenda chini, sambamba na pete. Nilikuwa nikitengeneza kadi na maboksi miaka yote hiyo bila kulijua hili, na sasa naelewa kwa nini nusu ya kazi zangu zilikuwa na migongo iliyopinda.

Baada ya hapo ndipo nikaishusha bahasha.

Karatasi ina inchi 12 kila upande, yaani sentimita 30.5. Mimi nina sehemu tano: Wiki, Kazi, Nyumbani, Fedha na Mengineyo. Nikakaa na penseli na kipande cha karatasi chakavu nikipiga hesabu. Ukiipanga kadi ikiwa imesimama, zinaingia tatu kwa upana, sentimita 28.5. Chini kunabaki ukanda wa sentimita 13.4. Katika ukanda huo kadi haisimami, lakini ukiilaza inaingia moja, na kinabaki kipande cha mraba. Jumla nne. Nilipindua, nikageuza, nikachora upya, ya tano haikupatikana. Na hiyo ya nne, kwa kuwa imekatwa ikiwa imelala, ndege wake wanalala ubavu.

Ya tano ikapatikana mahali ambapo sikutarajia. Bahasha za bili mara nyingi huwa zimechapwa nakshi kwa ndani, bluu au kijivu, ili mtu asisome barua kwa kuiinua kwenye mwanga. Ukizifungua taratibu kwenye mshono unapata karatasi nzuri tu, na bure. Nikachagua yenye viduara vidogo vya bluu nikaibandika kwenye Fedha. Mahali pake hasa. Karatasi yenyewe ni nyepesi na gundi hupenya upesi, ndiyo maana kwa hiyo moja nilitumia tepu peke yake.

Kukata nilitumia rula ya chuma na kisu cha karatasi chenye wembe mpya. Wembe mpya, nasisitiza. Butu haukati, unavuta, na kwenye rangi iliyokolea utaona ufito mweupe wa kiini cha karatasi ukikuchekea ukingoni. Nilipitisha kisu mara tatu kwa mkono mwepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Mara ya kwanza nilipogusa karatasi ya ndege mkono ulitetemeka kidogo, sitaficha.

Masikio yalinichukua muda kuliko nilivyodhani. Urefu wa kadi ni milimita 171. Ukiacha nane juu na nane chini ili masikio yasikae kwenye kona, ambako hupinda haraka, zinabaki 155, na 155 ukigawa kwa tano ni 31. Nikafanya kila sikio milimita 30, na moja ya kupumulia katikati. Sikio linakatwa pamoja na kadi, si kubandikwa baadaye, maana la kubandika ndilo la kwanza kung'oka. Na juu ya sikio sikuweka ndege. Neno lililoandikwa juu ya nakshi halisomeki, hata uwe na mwandiko wa namna gani. Niliweka karatasi ya rangi ya maziwa, nikaandika kwa kalamu nyeusi isiyosambaa, pande zote mbili. Karatasi hiyohiyo ndiyo iliyo nyuma ya kila kadi.

Matundu usiyapime kwa rula. Chukua kadi ya zamani, iweke juu, chora duara kwa penseli ndani ya kila tundu, toboa kwa panchi ya tundu moja. Ukikosea milimita mbili kadi itaingia kwenye pete lakini itakuwa ikikwama kila unapofungua ukurasa, na utaichukia.

Kuna watakaouliza kwa nini sikuzitia lamineshani. Zingedumu, kweli. Lakini zinang'aa, zinateleza, kalamu haishiki juu yake, na ndege wanaonekana kama wako nyuma ya dirisha. Nimezungusha kona kwa mkasi, nikabandika viduara vya kuimarisha kwenye matundu, yatosha. Zikichakaa, zichakae.

Kadi tano za namna hii ni nene. Ilibidi nitoe kurasa za miezi mitatu iliyopita ndipo pete zifunge vizuri, na kurasa hizo sasa zimekaa kwenye boksi zikisubiri siku ambayo nitakuwa na muda wa kuzipanga, siku ambayo sote tunaijua.

Nilipomaliza niliziweka chini ya vitabu usiku kucha. Asubuhi nikazivisha kwenye pete na kumwita binti yangu, ana miaka tisa, aje aone. Akafungua Wiki, akatabasamu. Akafungua Kazi, akainamisha kichwa.

"Mama, mbona hawa wamesimama kwa vichwa?"

Kweli. Kadi ya Kazi, mojawapo ya zile tatu zilizosimama vizuri, ambayo sikuwa na sababu yoyote ya kuikosea, nimeibandika juu chini. Nilijaribu kuinua kona kwa ncha ya kisu. Tepu ilikuwa imeshika, na karatasi ikaanza kuachana matabaka, nikaacha upesi. Pale pa kona sasa pana kovu dogo jeupe.

Ya Nyumbani, ile ya ndege waliolala ubavu, imepinda kidogo. Nilipoilaza karatasi nililaza na nyuzi zake, nami nilikuwa nimelisahau somo langu mwenyewe kwa sababu ya kufurahia kupata kadi ya nne. Binti anasema hao wamelala kwa sababu wako nyumbani. Sikumbishia.

Kile kipande cha mraba kilichobaki, sentimita 13.4 kwa 13.4, kina ndege kumi na mmoja wazima na majani mawili ya dhahabu. Binti alikiomba atengenezee alama ya kitabu. Nikamwambia ngoja kwanza tupate kitabu kinachostahili. Kimerudi kwenye bahasha, juu ya kabati.