Siku Moja Maishani Mwangu: Mashada ya Majilio na Mvua za Vuli

Saa 10:40 alfajiri

Kabla sijawasha taa napeleka mkono kwenye kichanja cha jikoni, yalikolala mafungu ya mabua ya gugu maji, na kwa vidole najua jinsi yalivyoamka. Bua lililokauka sawasawa hutoa mlio wa karatasi likibanwa, lakini lililovuta unyevu usiku hunyamaza na kulegea kama kitambaa. Ni Jumamosi ya katikati ya Novemba, mvua za vuli zimeshika, na kati ya mafungu 14 niliyoyagusa mawili yamenyamaza. Nayatenga karibu na mlango ili yawe ya kwanza kutoka nje jua likichomoza, kisha nabandika chai.

Naishi Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na kazi yangu ni kusuka vikapu, vitandiko vya meza na mapambo ya nyumba kwa kutumia gugu maji. Kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi wiki ya Krismasi napata oda nyingi kuliko kipindi kingine chochote cha mwaka, kwa sababu ndipo watu wanapopaka nyumba zao chokaa, wanapobadilisha mapazia, wanapofua vitambaa vya makochi na kutafuta kitu kipya cha kuweka mezani wageni watakapofika. Tatizo ni kwamba majira hayohayo ndiyo yenye jua la kubahatisha. Kikapu kizuri cha Desemba kilivunwa Julai na kuanikwa Agosti, wakati upepo mkavu unavuma na mabua yanakauka kwa siku sita au saba tu, ilhali wakati wa vuli mabua hayohayo huweza kunichukua wiki mbili nzima, na bado baadhi yakaishia kuwa na madoa meusi.

Saa 12:00 asubuhi

Akiba yangu ya kiangazi haitoshi kwa oda za mwaka huu, hivyo mara mbili kwa wiki nateremka ziwani kuvuna kidogo. Navaa buti za mpira zinazofika magotini na glavu ndefu, wala sikubali kuingia majini bila hivyo, kwa kuwa konokono wanaobeba kichocho hupenda kujificha kwenye majani ya pwani kama haya. Vimelea vyake hutoka kwa konokono kwa wingi jua linapopanda kuelekea mchana, na hiyo ndiyo sababu ya kwenda mapema na kutoka mapema. Wasichana wanaokuja kujifunza kwangu nawaambia hilo kabla sijawafundisha hata msuko mmoja.

Mzee mmoja anayevua dagaa alikuwa anavuta mtumbwi wake nchi kavu.

“Mwangaluka, baba.”

“Mwangaluka, mwanangu. Leo usipite upande ule wa matete, kiboko amelala pale tangu usiku.”

Nikamshukuru, nikageukia upande wa pili wa ghuba, ambako gugu limesongamana. Msongamano huo kwangu ni neema, maana gugu maji lililotawanyika kwenye maji wazi huota mabua mafupi yaliyovimba kama vibuyu, ambayo hayasukiki, wakati lile linalogombania mwanga hurefusha mabua yake hadi mengine yakakaribia mita moja. Nachagua yaliyozidi urefu wa mkono wangu, nayakata juu kidogo ya mzizi, natupa majani kwenye rundo la mbolea na kubeba mabua peke yake. Siku hizi ziwani limeingia gugu jingine dogo liitwalo salvinia, ambalo nalo hutandaa na kuziba njia za mitumbwi, lakini halina bua lolote la kumfaa mtu anayesuka.

Gugu maji si mmea wa kwetu. Asili yake ni Amerika Kusini, na lilianza kuonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likisukumwa kwa wingi na maji ya mto Kagera. Katika miaka ya 1990 liliziba bandari na mialo, hadi wakaletwa fukusi wanaolila ili kulipunguza. Sisi tunaolisuka hatulimalizi, na sipendi kusikia tukisifiwa kana kwamba tumeliokoa ziwa: ninachokata kwa mwezi mzima, ghuba hii hukirudisha kwa siku chache. Ninachofanya ni kuligeuza gugu lililowatesa wavuvi liwe chakula cha watoto wangu.

Saa 2:00 asubuhi

Miamba ya Mwanza ndiyo kiwanda changu cha kukaushia. Mwamba wa mawe makubwa ulioko nyuma ya nyumba yetu hushika joto mapema, hulihifadhi hata wingu likipita, na maji hayatuami juu yake. Nimeyaosha mabua kwa maji ya bomba, nikayapanga moja moja yasigusane, yale mawili yaliyonyamaza yakiwa juu kabisa. Zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za bua bichi ni maji, hivyo kilo 20 nilizopandisha kwa jasho zitanipa kilo moja na kitu ya kusuka. Mnunuzi anayeona kikapu chepesi na kudhani kimetumia malighafi kidogo, nitafurahi siku moja akinisindikiza kupanda kilima hiki.

Jirani yangu huanika dagaa mwamba wa pili. Tumekubaliana, baada ya kuumizana kidogo miaka ya nyuma, kwamba mimi nikae upande unakotokea upepo na yeye upande unakoelekea, kwa sababu bua kavu hunyonya harufu kama linavyonyonya maji, na hakuna anayetaka shada la Krismasi linalonukia dagaa.

Saa 3:30 asubuhi hadi saa 7:00 mchana

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Parokia moja imeniagiza mashada manne ya Majilio, yaani maduara ya mishumaa minne, mmoja wa kuwashwa kila Jumapili kati ya nne za kuingojea Krismasi: moja kubwa la kanisani na matatu ya vigango, na yanatakiwa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo mwaka wowote ule huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Mapambo ya mti yanaweza kuchelewa hadi mkesha wa Krismasi na bado yakauzika, lakini shada la Majilio likichelewa wiki moja limekwisha kupoteza mshumaa wake wa kwanza.

Desturi hii ilianzia Ujerumani. Mwaka 1839 mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini mjini Hamburg, alichukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, midogo kwa siku za kawaida na minne mikubwa kwa Jumapili, ili watoto waone wenyewe siku zilizobaki kufika Krismasi. Baadaye likawa duara la matawi ya misonobari, kwa kuwa huko ni majira ya baridi na miti mingine imepukutisha majani. Kwetu hali ni kinyume: Novemba ndiyo kila kitu kinachipua, mikrismasi inaanza kuwaka maua mekundu, na matawi mabichi si ajabu kwa mtu yeyote. Nimeona shada la hapa livae rangi ya dhahabu iliyokaushwa na jua letu, na padre alipoliona la mfano mwaka jana alilizungusha mikononi kimya kwa muda mrefu, kisha akaniagiza manne.

Naanza na pete mbili za waya mnene, ya ndani na ya nje, zilizounganishwa kwa vipande vinane kama njiti za gurudumu la baiskeli. Mabua nayapangusa kwa kitambaa chenye maji na kuyafunika robo saa, kwa kuwa bua kavu kabisa huvunjika kwenye kona na lililolowa sana litasinyaa baadaye na kuacha mapengo katika msuko. Nayalaza juu ya kibao, nayabana kwa kijiti cha kusukumia chapati hadi yawe bapa, kisha nasuka misuko mirefu ya mabua matatu matatu. Misuko hiyo naizungusha kwenye pete kwa mshazari, kila mzunguko ukikanyaga nusu ya ule uliotangulia, na kila baada ya shibiri naifunga kwa sindano ya magunia na uzi wa katani. Kosa la anayejifunza ni kuvuta sana. Msuko uliovutwa sana unapendeza siku ya kwanza, lakini ukikauka hukunja pete nzima na shada likakaa mezani kama sahani iliyopinda. Mkono unapaswa kusikia bua likikataa kidogo, na hapo hapo uache.

Kufikia saa 7 nimemaliza shada moja na nusu, na mgongo umeanza kudai haki yake. Nimekula ugali na furu wa kuchemsha, nikajinyoosha jamvini dakika kumi.

Saa 8:00 mchana

Nikapanda daladala kwenda mjini. Gugu maji kavu hushika moto haraka, na shada la Majilio ni duara la mishumaa inayowashwa mbele ya watu waliojaa kanisani. Jambo hili lilininyima usingizi tangu nipokee oda, hata nikafikiria kuikataa. Dawa yake niliipata Makoroboi, mtaa uliobeba jina la taa zile za bati, kwa fundi ambaye hadi leo anakunja bati kwa nyundo na mkasi.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Vikombe vyako hivi hapa, lakini nimebadilisha kitu, usikasirike.”

Alikuwa ameongeza kitako kipana chini ya kila kikombe na kukunja mdomo wake kuelekea nje, ili nta ikiyeyuka itulie kwenye bati bila kutiririka hadi kwenye mabua. Urefu wa kikombe ameuacha vidole vinne, kiasi kwamba mshumaa ukiisha moto unazimikia ndani ya bati, mbali na msuko. Mimi nilikuwa nimemchorea kikombe cha kawaida tu. Nikalipa vikombe 16 na kumwongezea elfu mbili kwa wazo lake, naye akazikataa mara mbili kabla ya kuzipokea. Mishumaa nikanunua mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi kwa kila shada. Ule wa waridi huwashwa Jumapili ya tatu, ambayo ni Jumapili ya furaha.

Nikiwa bado nachagua utepe, simu ikaita. Binti yangu hakusalimu hata.

“Mama, wingu limefunga upande wa ziwa. Nianze na yapi?”

“Anza na yale ya juu kabisa ya mwambani. Mabichi yaache, hayana cha kupoteza.”

Saa 10:30 jioni

Nilifika mvua ikiwa imeshapiga na kupita. Binti yangu na mama jirani walikuwa wameyaingiza yote yaliyokuwa yamekauka, na jirani alikuwa ameyafunika kwa turubai lake mwenyewe, dagaa wake akiwa ndani ya beseni. Nilimpelekea sukari kilo moja, maana turubai ni moja na yeye alilitoa kwangu.

Muda si mrefu akaja mteja, dada mmoja anayefungua nyumba ya wageni, akitaka vikapu sita vya mikate kufikia Jumanne.

“Dada, mbona naona vingi pale ndani?”

“Vile vimesukwa, havijakauka. Nikikupa leo, Krismasi utavikuta vina ukungu.”

“Mimi nitaviweka juani.”

“Jua lenyewe umeliona leo.”

Hakufurahi, nami sikufurahi kuikosa shilingi 90,000. Lakini miaka miwili iliyopita nilipeleka vikapu 20 kwenye hoteli moja katika hali kama hii, nikijipa moyo kwamba vanishi ingezuia unyevu. Vanishi iliufungia ndani. Baada ya wiki tatu vilirudishwa vyote vikiwa na kuvu ya kijani kwenye vitako, nikarudisha fedha zote na sijawahi kuitwa tena pale. Tangu hapo kikapu hakiguswi na brashi ya vanishi kabla hakijakaa siku saba ndani ya nyumba kavu, hata mteja alie. Tulikubaliana achukue nyota 30 za kutundika, ambazo zilisukwa Septemba, na vikapu atavifuata mwezi wa kumi na mbili ukianza.

Saa 1:00 usiku

Nyumba yangu mwenyewe bado ni ukuta nusu mweupe. Mdogo wangu alianza kupaka chokaa wiki iliyopita, mvua ikamkatiza upande wa dirisha, na kila jioni naahidi kesho. Usiku huu watoto wamekaa jamvini wakisuka nyota kwa vipande vilivyobaki, mabua mafupi ambayo siwezi kuyatumia. Mdogo wao, mwenye miaka saba, hufunga nyota zenye ncha sita badala ya tano, na nimeacha kumsahihisha kwa sababu za kwake ndizo zinazoulizwa kwanza na wateja. Fedha ya nyota ni yao, nao wameshaamua kwamba itanunua rangi ya mlango, ya buluu.

Saa 3:45 usiku

Nimeweka vikombe vya bati kwenye shada la kwanza, nikawasha mshumaa mmoja nje barazani na kuuangalia ukiungua saa nzima, ndoo ya maji ikiwa karibu na mguu wangu. Nta ilijaa kwenye kitako ikaganda hapo. Bati lilipata joto kwenye mdomo, lakini chini, linakogusana na msuko, niliweza kuacha kidole bila kukiondoa. Kesho baada ya misa nitarudia jaribio kwa mishumaa minne kwa pamoja, ndipo nimpigie padre.

Huko ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimeshatandaa. Nimeyagusa tena mafungu ya kichanjani: 13 yanalia, moja bado kimya. Nimeligeuza upande, nikalisogeza karibu na ukuta wa jiko na kufunga dirisha.