Kumi kwa kumi zilipokataa: nilivyopatanisha shifta, direla na kaseti

Mwaka juzi niliamua kuiandaa baiskeli yangu ya barabarani ili ipande mlima wa kutoka Himo hadi Marangu bila mimi kushuka na kuisukuma. Ni baiskeli ya mtumba yenye fremu ya alumini, shifta (vibonyezo vya kubadilishia gia kwenye usukani) za Shimano Tiagra za toleo la 4600, gia kumi nyuma, na sproketi, yaani gurudumu dogo lenye meno ya kushika cheni, mbili mbele za meno 50 na 34. Kaseti iliyokuja nayo, yaani fungu la sproketi za gurudumu la nyuma, iliishia meno 25, kipimo kinachomfaa kijana wa mashindano kwenye tambarare na si mwalimu wa sekondari aliyevuka miaka arobaini, tena mwenye mkoba wa madaftari mgongoni.

Nilitaka kaseti ya meno 11 hadi 34, ili katika gia nyepesi kabisa, 34 mbele na 34 nyuma, gurudumu lizunguke mara moja tu kwa kila mzunguko wa pedali. Direla ya nyuma, yaani ule mkono unaoihamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine, haikukusudiwa kubeba sproketi inayozidi meno 30, hivyo nikalazimika kutafuta nyingine yenye mkono mrefu. Kwa muuza vipuri vya mtumba mjini Moshi niliikuta direla ya Deore ya baiskeli za milimani, ya gia kumi, haijachubuka hata kidogo. Shifta ya kumi, direla ya kumi, kaseti ya kumi, zote za kampuni moja. Nililipa bila kuuliza swali.

Fundi wangu aliifunga jioni hiyohiyo. Cheni ilikaa vizuri kwenye sproketi ndogo, na mbofyo wa kwanza ukaisogeza, ingawa kwa kusitasita. Kuanzia mbofyo wa pili ilianza kukwaruza katikati ya sproketi mbili, na baada ya mibofyo yote tisa ilikuwa imefika sproketi ya saba tu. Tulikaza waya na kuulegeza, tukazungusha skrubu za mipaka, lakini kila tulipoipatia gia moja, nyingine zote ziliharibika.

“Mwalimu,” akasema fundi huku akifuta mikono, “hii siyo ya kurekebisha. Hivi vitu havijuani.”

“Mzee, mbona vyote ni vya gia kumi?”

“Kumi ya nani?”

Swali hilo lilinifanya niazime kalipa, kipimio cha milimita, ya maabara ya shule siku iliyofuata. Niliufungua waya kwenye direla, nikauvuta kwa mkono ukabaki umenyooka, nikauwekea alama ya kalamu, kisha nikabofya shifta kutoka mwanzo hadi mwisho. Alama ilisogea takriban milimita 21 kwa mibofyo tisa, sawa na milimita 2.3 kwa kila mbofyo. Kutoka katikati ya sproketi moja hadi katikati ya inayofuata, kaseti ya Shimano ya gia kumi ina milimita 3.95. Kwa hiyo direla inayohitajika ni ile inayouzidisha mvuto wa waya kwa takriban 1.7, kwa kuwa 2.3 mara 1.7 ni 3.9. Direla niliyonunua huuzidisha kwa takriban 1.2 tu. Kila mbofyo uliisogeza cheni milimita 2.8 badala ya 3.95, na mibofyo yote tisa ikatoa kama milimita 25 mahali palipohitaji 35 na ushei. Ukigawanya 25 kwa 3.95 unapata hatua sita na kidogo, na hatua sita kutoka sproketi ya kwanza zinakufikisha kwenye ya saba, palepale ilipogota.

Idadi ya gia iliyoandikwa kwenye kipuri ndiyo iliyonipotosha, kwa sababu kinachopaswa kulingana ni mvuto wa shifta, uwiano wa direla (mara inavyouzidisha mvuto huo) na nafasi kati ya sproketi za kaseti. Kwa miaka mingi Shimano walishikilia uwiano wa 1.7 kwa baiskeli za barabarani na za milimani pia. Shifta ya gia nane huvuta milimita 2.8 kwa kaseti yenye nafasi ya 4.8, ya gia tisa huvuta 2.5 kwa nafasi ya 4.35; ya gia kumi ya barabarani ndiyo hiyo niliyoipima. Direla haihesabu gia, bali hufuata waya tu, na ndiyo maana katika familia hiyo direla ya gia nane huitika shifta ya gia tisa bila ugomvi. Gia kumi za milimani zilipokuja mwaka 2010 kwa jina la Dyna-Sys, uwiano ulibadilishwa: waya unavutwa zaidi, takriban milimita 3.4 kwa mbofyo, na direla inauzidisha kidogo. Sababu yake inaeleweka. Tope likiuzuia waya kwa nusu milimita, direla ya 1.7 hukosea kwa milimita 0.85, ilhali ya 1.2 hukosea kwa 0.6. Kaseti zenyewe hazikuguswa. Ya milimani na ya barabarani za gia kumi zina nafasi ileile, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu.

Jibu, basi, lilikuwa kurudi nyuma kizazi kimoja: direla ya milimani ya gia tisa, yenye uwiano wa zamani na mkono mrefu. Niliupima uwezo wa mkono wa kumeza cheni inayolegea kwa hesabu ya kawaida, tofauti ya meno mbele (50 kutoa 34 ni 16) pamoja na tofauti ya nyuma (34 kutoa 11 ni 23), jumla 39, na direla hizo zinaimudu. Muuzaji alikuwa nazo mbili. Ya kwanza nilikaribia kuichukua kwa kuwa ilikuwa mpya zaidi, hadi nilipoisukuma kwa kidole na kuona springi inairudisha upande wa sproketi kubwa badala ya ndogo. Shimano waliwahi kutengeneza direla za namna hiyo, na kwenye shifta yangu kila kitu kingegeuka kinyume: kulegeza waya kungeleta gia nyepesi. Nikachukua ya pili.

Gurudumu la nyuma nalo nilikuwa nimelibadilisha, na habu yake, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa ya gia kumi na moja za barabarani, ambayo sehemu yake ya kuvikia kaseti imezidi urefu kwa milimita 1.85. Kaseti yangu ilicheza hata baada ya nati kukazwa hadi mwisho. Pete ya milimita 1.85 iliyovikwa kwanza, nyuma ya kaseti, ililimaliza hilo kwa dakika tano.

Bado gia za katikati zilisitasita, hasa wakati wa kushuka kuelekea sproketi ndogo. Hesabu ilikuwa sahihi, kwa hiyo nilianza kuushuku waya, nikakuta kipande cha mwisho cha gamba lake (mrija unaoupitisha), kile kinachopinda kuingia kwenye direla, ni cha breki. Ndani ya gamba la breki kuna chuma kilichosokotwa kama springi, nacho hubonyea kidogo waya unapovutwa. Gamba la gia lina nyuzi zilizolala kwa urefu, hazibonyei. Breki haijali upungufu huo, lakini gia zinazopimwa kwa sehemu za milimita zinaujali sana. Tulikata kipande kipya, fundi akakisaga ncha hadi zikawa bapa, na kabla ya kuondoka gia zote kumi zilikuwa zinaingia.

Nikirudia kazi hii leo, nitaanza na namba ya toleo iliyochongwa nyuma ya kipuri na si jina lililoandikwa mbele. Tiagra 4600 na Tiagra 4700 ya mwaka 2015 zote ni za gia kumi na zina jina moja, lakini 4700 ilihamia uwiano wa gia kumi na moja za barabarani, takriban 1.4, na direla yake isingeikubali shifta yangu.

Ile Deore ya kwanza niliiuza kwa bei ya hasara kwa kijana mmoja mwenye baiskeli ya milimani iliyovunjika direla. Kabla ya kupokea pesa nilimwomba anioneshe namba iliyo chini ya shifta yake.