Filamu ya bajeti ndogo, iangalie pamoja na mwaka wake

Jamani nimerudia Night of the Living Dead, filamu ya kutisha ya mazombi (maiti waliofufuka) ya George Romero, ile ya 1968, na bado inanitoa jasho. Bajeti kama dola 114,000 hivi, haina rangi, damu yenyewe ni sharubati ya chokoleti. Watu wanaikimbia dakika za mwanzo eti picha mbovu, lakini ukikumbuka Marekani ya mwaka ule utakaa sawa kwenye kiti, maana Martin Luther King aliuawa Aprili na hii ikatoka Oktoba, halafu shujaa ni Duane Jones, mtu mweusi anayetoa amri kwa wazungu ndani ya nyumba walimojificha na hakuna hata mmoja anayeitaja rangi yake.

Pale mwisho (kama hujaiona ruka hapa) anapona usiku kucha, asubuhi anapigwa risasi na wale wanaosaka mazombi, zinafuata picha za mnato zenye chengachenga, wanaume na ndoano za nyama mkononi, utadhani umefungua gazeti la kipindi kile. Ule ukavu wa picha ndo unaouma, wangekuwa na mamilioni nadhani wangeusafisha wote. Ipo bure mtandaoni kihalali kabisa, jina la filamu lilipobadilishwa alama ya hakimiliki haikurudishwa, hivyo ikakosa hakimiliki, itafuteni muione.