Usiku wa Vimondo na Pete ya Fokasi

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba 2020 niliusubiri kwa miezi kadhaa, kwa kuwa kilele cha vimondo vya Geminidi mwaka ule kiliangukia katika giza la mwezi. Nilifika uwandani mapema, Mshtarii na Zohali zikiwa zimekaribiana sana upande wa magharibi, nikaisimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu. Nilikuwa nimepanga kila kitu: lenzi ya milimita 24, tundu la kupitishia mwanga la f/2.8, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ya 3200 na sekunde 20 kwa kila picha, kwani ukizidisha muda huo nyota huanza kuacha mkia kutokana na mzunguko wa Dunia. Fokasi, yaani kuirekebisha lenzi ili nyota zionekane kali, niliipa nusu dakika tu. Niliizungusha pete ya lenzi hadi kwenye alama ya nane iliyolala, inayoashiria masafa yasiyo na mwisho, nikaamini kwamba huko ndiko nyota ziliko.

Kuanzia saa tatu usiku kamera ilipiga mfululizo, na kila nilipotazama kioo cha nyuma niliridhika, maana picha iliyofinywa katika upana wa sentimita chache huficha ukungu wake. Ilipofika saa tano niliikuza picha moja ili kutafuta kimondo nilichokiona kwa macho. Kilimia, ambayo hata bila darubini nilikuwa nikihesabu nyota zake sita, ilikuwa doa moja lililovimba.

Nilielewa hapo hapo nilipokosea. Lenzi nyingi zenye fokasi ya otomatiki huachiwa nafasi ili pete ivuke kidogo ile alama, kwa sababu joto na baridi hubadilisha vipande vya ndani, na hivyo alama yenyewe ni makadirio tu. Nilizima fokasi ya otomatiki, ambayo gizani haina cha kushika, nikaielekeza kamera kwenye Sirius, nikaikuza nyota hiyo mara kumi kwenye kioo na kuanza kuizungusha pete taratibu mno. Nyota ilikuwa kama sarafu hafifu, ikajikusanya, ikawa nukta, kisha ikapanuka tena huku ukingo wake ukigeuka kutoka zambarau kuwa kijani. Nilirudi nyuma, nikapita tena, nikarudi, hadi nilipojua kwa vidole mahali ambapo nukta ilikuwa ndogo kuliko zote. Kilichonithibitishia ni nyota nyingine ndogo iliyojitokeza kando yake, ambayo awali kioo hakikuionyesha kabisa. Kwangu hiyo ndiyo dalili ya kuaminika kuliko zote. Niliifunga pete kwa utepe wa gundi.

Baada ya saa sita baridi iliongezeka, nikakagua tena, na kweli fokasi ilikuwa imesogea kiasi cha unywele. Nilibandua utepe, nikarekebisha, nikaufunga upya. Picha za tangu hapo hadi alfajiri zina nyota kali kama ncha za sindano.

Kimondo king'avu kuliko vyote vya usiku ule kilipita saa nne na dakika chache, kabla sijaigusa pete. Kimo katika picha: mstari mnene wenye kingo laini, unaokatiza chini ya lile doa la Kilimia. Sijaifuta.