Hii utapotelea wapi?

Tangu Jumapili kuna sentensi imenikaa kooni kama mwiba wa changu, na aliyeiweka humo ni shemeji.

Mliosoma kisa cha ukuta wa jirani mnamkumbuka: mpima ardhi, mtu wa bikoni, haingii nyumba ya mtu bila kukadiria ukubwa wa sebule. Alikuja na dada kula. Kitabu changu, The Lord of the Rings cha Tolkien, riwaya ya nchi ya kubuni, kilikuwa juu ya kochi, kimefunuliwa palepale ninapokifunua siku zote, kwenye ramani. Akakichukua, akakisogeza mbali na uso maana miwani hataki kuvaa, akauliza:

"Shemeji, hii ramani au pambo?"

"Ramani."

"Ya wapi?"

"Ya humo humo kitabuni."

"Basi pambo. Ramani ni ile ukiikosea unapotea. Hii utapotelea wapi?"

Wakacheka wote, mpaka mama. Nami nikacheka, nikamwongezea wali.

Wiki hii hii mdogo wetu kaposwa na kazini kaletwa mkuu mpya, lakini mimi nimeshinda nikimjibu shemeji kichwani. Kwenye daladala: "Nitapotelea humo humo." Dhaifu. Nikiosha vyombo: "Kwani wewe viwanja vyote ulivyopima vipo?" Kali mno, na dada angenipigia simu.

Jibu lenyewe lilinijia kazini, mbele ya mteja. Anayepotea ni mwandishi! Tolkien alieleza katika barua kwamba alianza na ramani, kisha hadithi ndiyo ikaifuata, akichunga sana umbali wa mahali na mahali, maana ukitanguliza hadithi ndipo uje kuchora utaangukia kwenye vurugu. Mwandishi Stevenson naye alitanguliza kisiwa, mwaka 1881 huko Uskoti, akichezea rangi na mtoto wa mkewe, na kile kisiwa ndicho kilichozaa Kisiwa chenye Hazina. Alipoituma ramani kwa wachapishaji ikapotea. Ikabidi aipekue hadithi yake mwenyewe, akusanye kila kipimo alichokitaja, achore nyingine inayokubaliana navyo. Hiyo si kazi ya upimaji? Na bado ile ya pili, kwa maneno yake, haikuwa tena kisiwa chenyewe.

Basi usiku nikaifungua ramani ya Tolkien, ile aliyoichora mwanawe Christopher, nitafute ushahidi zaidi wa kumkomoa mtu. Jicho likateremka. Miaka yote huwa naishia katikati, kwenye milima na mito, nikisoma majina ya mahali ambapo hadithi haifiki kabisa, na hiyo ndiyo raha yangu. Chini kule, kusini, kuna Harad. Jina, kisha karibu karatasi tupu. Watu wake wanatokea hadithini kama maadui, na tembo wa vita. Nimekipenda kitabu hiki tangu sekondari, na ndiyo kwanza naona kwamba mtu wa Tanga angewekwa huko, karibu na pambizo.

Hasira na shemeji ikaniisha hapo hapo. Nikakumbuka ramani nyingine, ya dunia hii hii, ya mwaka 1856, kazi ya wamisionari wa Rabai, Erhardt na Rebmann. Erhardt alikaa hapa hapa Tanga akiwauliza watu wa misafara bara kukoje. Wa njia hii wakamwambia kuna ziwa. Wa njia ile wakasema kuna ziwa. Wa kusini nao vivyo hivyo. Wakayachora yote kuwa ziwa moja: Nyasa, Tanganyika na hili la Victoria, limejilaza katikati ya Afrika, Waingereza wakaliona kama koa. Mabwana wa Royal Geographical Society, chama cha wanajiografia cha London, wakabishana wee, na mwaka 1857 wapelelezi Burton na Speke wakaanza safari ya kuja kuhakikisha.

Nikaitafuta mtandaoni, nikamtumia shemeji bila neno. Saa tano usiku akajibu: "Wasafiri wamesema kweli. Aliyeunganisha ndiye kaharibu." Kisha: "Ikuze. Ujiji kapaweka wapi?"

Tumeikuza mpaka saa saba, yeye kwake, mimi kwangu, dada akilalamika nyuma ya simu. Jumapili anataka akione tena kile kitabu cha pambo, na ameahidi miwani. Nafikiri nimpe kwanza riwaya ya mwandishi Le Guin, A Wizard of Earthsea, ya 1968. Naye alichora ramani kabla ya kuandika, visiwa vitupu na bahari, na watu wake wengi ni weusi na wekundu wa maji ya kunde. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa tanga ni nini.

Ila mama. Tangu juzi akiinuka anashika ukuta kwanza. Anasema kiti ndicho kibaya. Nimemwambia dada, dada kasema tutamwangalia vizuri Jumapili, na mimi naiona Jumapili iko mbali.