Kalamu iliyopasuka Nairobi

Ujumbe ulinifikia Jumatatu asubuhi, niko bandarini nasubiri kontena la mteja likaguliwe. Picha ya kalamu ya wino niliyoikereza kwa mkono wangu, ina ufa kutoka shingoni hadi karibu na kitako. Chini yake maneno matatu: "Fundi, hii vipi?" Aliyeituma ni wakili mmoja wa Nairobi, alikuwa amenilipa shilingi 4,500 wiki sita nyuma. Kalamu ilipanda basi pale Mwembe Tayari ikiwa nzima, inang'aa kama tende. Nilimrudishia pesa zake kwa M-Pesa kabla ya chakula cha mchana, na aibu haikuniacha hata nimpigie simu.

Kazi yangu ni ukarani wa forodha. Kalamu ni mapenzi tu. Mwaka 2021 nilinunua kerezo kuukuu, mashine ya kuzungusha mti ukichongwa, dogo la kuweka mezani, kwa fundi wa Changamwe aliyekuwa akihama, nikalifunga kwenye kibaraza cha nyuma nyumbani Majengo. Mke wangu alikubali kwa sharti moja: unga wa mbao usivuke mlango. Sharti hilo nimelivunja mara nyingi.

Niseme kweli, kalamu nzima siitengenezi. Nibu, yaani ncha ya kuandikia, pamoja na ule ulimi ulio chini yake unaoleta wino, vyuma vya kufungia na mirija ya shaba huja kwa seti kutoka ng'ambo. Changu ni mti. Nachukua kipande cha upana wa sentimita mbili, nakitoboa katikati kwa urefu wake, nagundisha mrija wa shaba ndani, kisha nakikereza mpaka mti ubaki ganda tu juu ya shaba. Kwenye ncha, pale unapokutana na chuma, ganda lenyewe halifiki milimita moja.

Na hapo ndipo ulipotoka ule ufa. Shaba hainywei, mti hunywea. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima, chumvi kwenye kikopo hugeuka uji. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Januari hewa yake hukausha midomo. Mti wa mwembe nilioukereza ulikuwa umezoea hewa ya kwetu. Ulipofika kule ukatoa maji yake, ukataka kusinyaa, ukakuta shaba imekaa kati haisogei. Ganda jembamba vile lingefanya nini?

Haya sikuyajua siku hiyo. Aliyenifunulia ni mzee mmoja fundi wa milango huko Mji wa Kale, si mbali na Ndia Kuu. Nilimpelekea vipande vilivyobaki vya mwembe uleule. Akachukua viwili, akavigonganisha karibu na sikio.

"Huu ungali na maji, mwanangu. Uliukata lini?"

"Yapata miezi minne, Ami."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Miezi minne! Mbao ya mlango mimi huiweka mpaka nikasahau nani aliyeniletea."

Tangu siku hiyo kila kipande changu kina tarehe na uzito, vimeandikwa kwa penseli ubavuni. Nina mizani ndogo kama ya sonara. Napima kila Ijumaa jioni, na kipande kikiwa bado kinapungua hata gramu moja, kinarudi rafuni. Ncha zake nazichovya kwenye nta ya mshumaa, maana mti hukimbiza maji kwa ncha kuliko kwa ubavu, na ncha zikikauka kabla ya katikati hupasuka zenyewe hata kabla hujazigusa. Uzito ukitulia, kipande hakijawa tayari kwa Nairobi, kimetulia kwa hewa ya hapa tu. Kwa hiyo nakiingiza kwenye sanduku lenye balbu ya zamani, ile inayotoa joto, kikae wiki nyingine tatu nne. Stima ikipotea, hesabu inasogea mbele. Gundi nayo nimebadilisha: supaglu hushika haraka lakini ni kavu kama kioo, epoksi ya taratibu ina uvumilivu kidogo mti unapojinyoosha.

Ami hakuishia kunicheka. Aliingia nyuma akatoka na kipande cha boriti, kimetolewa kwenye dari ya nyumba iliyokuwa ikifanyiwa ukarabati. Nyumba za kale za mawe ya matumbawe dari zake hushikwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vyake vingi ni vyembamba, havizidi mita tatu hivi: boriti hazikuwa ndefu zaidi ya hapo. Mti uliokaa juu ya vichwa vya watu miaka na miaka hauna maji ya kutoa. Nilipoutia kwenye kerezo, ndani ulikuwa mwekundu uliokolea. Si bure chai isiyo na maziwa huku tukaiita chai ya mkandaa, kwa jina la aina moja ya mkoko. Taabu ya boriti ni chokaa. Imejipenyeza kwenye nyufa, na kalamu moja hunilazimisha kunoa patasi mara tano sita. Mkoko wa kusimama siugusi, kuukata kunataka kibali.

Wateja wengi huulizia mpingo. Nimekereza miwili mitatu na sina hamu tena. Mafuta yake hukataa gundi mpaka uupanguse kwa asetoni, na tangu 2017 jamii nzima ya Dalbergia, ambayo mpingo umo, iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo ukimtumia mtu wa ng'ambo lazima uangalie kanuni. Mimi nashinda na makaratasi kutwa. Sitaki kuyakuta tena kibarazani.

Kuuza ndiko kulikonishinda mwanzo. Duka moja la zawadi, silitaji, lilichukua kalamu 12 kwa mali kauli, yaani nilipwe zikishauzwa. Baada ya miezi saba nilirudishiwa mbili zilizopauka kwa jua la dirishani, nyingine kumi kila nikiuliza naambiwa mhusika hayupo. Sikutoa tena mali kwa namna hiyo. Sasa naweka picha kwenye hali ya WhatsApp, mtu analipa nusu, nakereza. Seti hunigharimu kama 1,700, gundi na msasa na mengineyo 300, na saa tano za kazi.

Wakili nilimpelekea kalamu nyingine, ya boriti, bila kumdai. Januari mbili zimepita na hajaandika. Kila Januari simu ikilia naitazama kwanza.

Mteja wangu mgumu ni Maalim mmoja wa madrasa, mtu wa khati, ule mwandiko wa Kiarabu wa mapambo. Kalamu ya kwanza aliirudisha baada ya siku tatu, haitoi kitu. Kumbe aliijaza wino wa khati, ule mzito wenye gundi ndani yake. Ukikauka kwenye ulimi, njia imeziba. Niliiloweka siku mbili kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, nikiyabadilisha kila yakiwa meusi, mpaka ikafunguka. Nikampa chupa ya wino wa kalamu hizi na kumwomba asichanganye.

"Wino nimeuelewa," akasema. "Lakini nibu yako haina mdomo."

Alitaka ncha iliyokatwa mshazari, kama anavyoikata kalamu yake ya utete, ili herufi alif isimame nene na mkia wa nuni uishe kama unywele. Nibu ya kawaida ina kitone kigumu mwishoni, hutoa mstari wa unene mmoja. Nilinunua nibu tatu za chuma pembeni, nikakiondoa kitone kwa jiwe laini la kunolea, nikaikata ncha mshazari. Ya kwanza ilikwaruza karatasi kama ukucha. Ya pili niliisaga mpaka mkato wa kati ukaachana. Ya tatu ilitembea.

Maalim aliandika alif tano kwenye ukingo wa gazeti, akaliinua karatasi lielekee mlangoni penye mwanga.

"Nene kidogo," akasema. "Punguza."

Iko mezani kibarazani, nampunguzia kila jioni kidogo kidogo.