Vipuri vya Probox Vilivyokwenda Lodwar

Mwaka 2014 nilikuwa nikifanya kazi katika duka la mjomba la vipuri kuukuu, kwenye Barabara ya Kirinyaga, mahali ambapo wengi jijini Nairobi bado hupaita Grogan. Wateja wetu karibu wote walikuja na fundi wao, wakapatana bei, kisha wakaondoka na bampa begani. Kwa hiyo simu ya mwalimu mmoja wa Lodwar, mji ulio kaskazini-magharibi mwa Kenya, ilitupa kazi tusiyoizoea. Gari lake, Toyota Probox, lilikuwa limegonga ngamia usiku kwenye njia ya Kakuma, naye alitaka boneti, bampa, rejeta, taa mbili na kioo cha mbele, vyote kwa pamoja, bila yeye kukanyaga Nairobi.

Malipo hayakutusumbua. Mwalimu alituma fedha kwa M-Pesa kwa awamu mbili, maana wakati huo mtu hakuweza kutuma zaidi ya shilingi 70,000 kwa mkupuo mmoja. Kilichotuumiza kichwa ni njia. Mzigo ungepanda basi la usiku hadi Kitale, ushushwe alfajiri, kisha upakiwe kwenye lori la kwenda Lodwar, mwendo wa takriban kilomita 300 katika barabara ambayo wakati ule ilikuwa mashimo matupu.

Mjomba aliniachia kazi ya kufunga mzigo, akaniambia neno moja tu: "Usiandike maandishi mengi, hakuna hamali anayesoma saa tisa usiku." Nilimwelewa vizuri. Watu wengi huchora mishale na kuandika maonyo kwa kalamu nyekundu, kisha wanafunga mzigo kwa namna inayomruhusu mtu yeyote kuulaza, kuukalia au kuupandia. Mimi niliamua kwamba umbo la mzigo wenyewe ndilo litakalomwelekeza anayeubeba.

Nilianza na kioo, kwa kuwa ndicho kilichonitia hofu zaidi. Kioo cha mbele ni tabaka mbili za kioo zilizoshikwa na utando wa plastiki katikati, na kikilazwa kwenye sakafu ya gari linalorukaruka, uzito wake wenyewe huweza kukipasua. Lazima kisafiri kikiwa kimesimama kwa ukingo. Nilikwenda Gikomba kwa seremala, akanitengenezea fremu ya mbao yenye miguu mipana chini na ncha iliyochongoka juu, ili mtu akijaribu kuilaza isikae, na akijaribu kuweka gunia juu yake lidondoke. Ndani ya fremu nilitandika masalio ya magodoro, kisha nikaviringisha kingo zote kwa vipande vya tyubu iliyochakaa, ambavyo hushika imara na bado huachia kidogo gari linapotikisika.

Kwa boneti nilihitaji katoni pana, na katoni pana ziko Luthuli Avenue, kwenye maduka ya televisheni. Boneti ni nyepesi kwa ukubwa wake, lakini hukunjika kwa urahisi penye pembe, hasa zile mbili za karibu na kioo, na pembe ikikunjika fundi wa rangi atakutoza zaidi ya bei ya boneti yenyewe. Niliziba pembe kwa sponji kabla ya kuifunika kwa katoni. Rejeta niliimwaga maji yote, nikaziba midomo ya mabomba kwa matambara, kisha nikaibana katikati ya vipande viwili vya plaiwudi, kwa maana wapakiaji hupenda kuegemeza goti mahali penye vile visahani vyembamba vya aluminiamu. Bampa halikunipa shida. Nililizungushia magunia tu.

Taa ndizo nilizozikagua kwa muda mrefu kuliko vyote. Kila taa hushikiliwa kwenye gari kwa masikio ya plastiki, na taa iliyovunjika sikio huning'inia na kumulika miti badala ya barabara. Nilipiga picha kila sikio kwa simu, kwa mwanga wa mchana, nikamtumia mwalimu zote kabla ya kuzifunga katika katoni moja.

Karani wa basi hakupima uzito hata kidogo. Aliitazama fremu, akatazama buti la basi, akataja bei ya mizigo mitatu. Nililipa, nikasimamia upakiaji hadi mlango wa buti ukafungwa.

Mwalimu alipopokea mzigo alifungua kila kitu huku akiwa nami kwenye simu. Kioo kilikuwa kizima, boneti haikuwa na mkunjo. Kisha akanyamaza, akasema, "Kijana wangu, taa ya kushoto haina sikio la juu." Nilimwomba alinganishe na picha, naye akakiri kwamba sikio lilikuwepo Nairobi. Mahali fulani kati ya basi na lori mtu aliirusha ile katoni, na hapakuwa na wa kumuuliza, kwa kuwa kila upande ulidai ulipokea na kukabidhi vizuri.

Mjomba hakutaka mabishano. Alitoa taa nyingine bila malipo, mwalimu akakubali kugharimia usafiri, nasi tukaipeleka kwa seremala yuleyule aipimie kasha la mbao la peke yake.